Mataruma ya Gitaa na Utoaji wa Alama

Wakufunzi wengi wa kazi za mikono hushika rula kwanza wanapokagua kazi ya mwanachuo. Kwa meza na viti sina ugomvi nao. Lakini katika kuunda gitaa kavu, kazi ambayo sisi wa Kimara twaweza kuianza kwa mabaki ya mbao za samani, desturi hiyo yapotosha.

Mataruma ni vipande vya mti vinavyogundishwa ndani, chini ya ubao wa mbele, mfano wa mataruma ya jahazi. Yana kazi mbili zinazopingana: kuuzuia ubao usipinde kwa mvuto wa nyuzi sita za chuma, ambao hufikia kilo 70 hivi, na papo hapo kuuacha utetemeke. Mwaka 1862 fundi Mhispania Antonio de Torres aliunda gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, ili kuonyesha kwamba sauti hutokana hasa na ubao wa mbele na mataruma yake.

Mwanachuo hana budi kuifahamu hesabu iliyomo. Akipunguza upana wa taruma kwa sehemu moja ya kumi, ugumu nao hupungua sehemu moja ya kumi. Akipunguza kimo kutoka milimeta 10 hadi 9, ugumu hupungua zaidi ya robo, maana hufuata kipeo cha tatu cha kimo. Ndiyo sababu fundi anayetaka wepesi huranda ubavuni kuliko juu, taruma likabaki na umbo la paa la nyumba.

Lakini mbao mbili za kipimo kimoja hazilingani ugumu. Mwanachuo aliyeacha milimeta 11 kwa kuwa mti wake ni laini amefikiri. Aliyeshika 10 zilizoandikwa ubaoni amenakili tu. Kwa rula, wa kwanza ndiye anayenyimwa alama. Hilo silikubali.

Wenzangu hujibu kwamba sikio halisahihishwi. Basi tusisahihishe sikio. Kabla ya kugundishwa, taruma lilazwe juu ya vigingi viwili vilivyoachana sentimita 40, zitundikwe kilo 3 katikati, na mwanachuo aandike limepinda milimeta ngapi (hapo rula itapata kazi ya maana). Arande kidogo, apime tena, aandike na sababu ya kuendelea au kuacha. Daftari hilo likusanywe pamoja na gitaa, na nusu ya alama itolewe humo.