Kamera Haina Mdomo

Siku hizi imezuka fasheni ya madereva kufunga kamera ndogo kwenye kioo cha mbele cha gari. Kijidude chenyewe si kikubwa, chaweza kufichwa kwenye kiganja. Gari likiwashwa nacho huanza kurekodi, na kadi yake ikijaa hufuta picha za zamani na kuendelea na kazi. Gari likigongwa, picha za dakika hiyo hufungiwa zisifutike. Jioni mwenye gari huwarushia marafiki kwenye simu: “Hebu oneni huyu mwendawazimu alivyoovateki kwenye kona!” Nasi tunatazama, tunatikisa vichwa, tunasema madereva wa Kenya wameharibika. Kisha tunalala.

Mimi sizipingi kamera hizo hata kidogo. Huko Urusi, ambako wenye magari wengi walizinunua kwa sababu ya mabishano ya bima na kesi za barabarani, ndizo zilizonasa kimondo kilichopasuka juu ya mji wa Chelyabinsk tarehe 15 Februari 2013, na wanasayansi wakazitumia kupiga hesabu ya njia yake angani. Hata hapa kwetu Sheria ya Ushahidi inakubali rekodi za namna hii mahakamani, mradi ziletwe na cheti chake. Bila picha, kesi ya ajali hubaki kuwa yeye alisema na mimi nikasema, na mwenye sauti kubwa hujiona ameshinda. Lakini nina neno.

Kamera hutazama makosa ya jirani tu. Mjomba wangu ana pikapu, naye alinionyesha picha za matatu iliyompita karibu na Kapsoit mahali penye mstari usiokatika. Kwa hakika ilikuwa tabia mbovu. Ila kamera ile hunasa na sauti, na humo nilisikia mtu akizungumza kwa simu juu ya bei ya ng'ombe tangu mwanzo wa picha hadi alipoanza kumtukana dereva wa matatu. Nikauliza, “Mjomba, na huyu anayeongea ni nani?” Alicheka, akaizima.

Tena kamera husimulia baada ya jambo kuharibika. Sisi wa Kaunti ya Kericho hatuhitaji kuelezwa. Mwezi wa Oktoba 2018 basi lilianguka Fort Ternan usiku likielekea magharibi, paa likang'oka, na watu zaidi ya 50 wakafa. Tarehe 30 Juni 2023, pale njia panda ya Londiani, lori liliacha barabara likawafagia watu waliokuwa kando, wachuuzi na wa boda boda na waliokuwa wakingoja magari. Hao pia walizidi 50. Nchi nzima hupoteza watu zaidi ya 4,000 kwa mwaka barabarani, na kundi kubwa zaidi kati yao ni wenda kwa miguu, watu kama sisi wanafunzi wa kutwa tunaorudi nyumbani jioni kando ya lami ya kwenda Sondu, mvua ikinyesha na malori yakitupita kwa nguvu. Sokoni sheria inasema kilomita 50 kwa saa. Simama Sigowet saa kumi na moja jioni uone nani anaijali.

Wazee husimulia kwamba marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, kanuni zake zilizoanza Februari 2004 zilileta mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na abiria 14 kwa matatu. Watu walinyooka bila kamera yoyote. Nadhani sababu moja ni kwamba abiria naye alihusika. Asipofunga mkanda, alikamatwa pamoja na dereva. Siku hizi abiria tumerudi kuwa mizigo. Tunabanwa watano kwenye kiti cha watatu na tunasema “asante” tukishuka.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Mnamo 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani walibandika vibandiko ndani ya matatu za safari ndefu hapa Kenya. Vibandiko viliwaambia abiria jambo moja tu: dereva akienda vibaya, semeni! Madereva walioviacha visibanduliwe waliingizwa katika bahati nasibu ya pesa. Walipohesabu madai ya bima, matatu zenye vibandiko zilikuwa na madai pungufu kwa nusu au zaidi. Jaribio kubwa lililofuata pia lilionyesha upungufu, ingawa mdogo kuliko ule, kama robo hadi theluthi. Kampeni hiyo ikaitwa Zusha! Neno la Kiswahili kabisa, wanachama wenzangu. Tumezoea kwamba anayezusha ni mkorofi anayeleta vurugu, kumbe ndani ya matatu yeye ndiye mwenye akili timamu.

Najua mtanijibu. Mtasema makanga atakushusha porini, tena mwanafunzi mwenye yunifomu anayelipa nusu nauli ana mdomo gani? Kweli kabisa, na kwetu mtoto hamkosoi mtu mzima mbele za watu. Mimi mwenyewe naona haya. Lakini kibandiko kinasaidia hapo hapo. Mtoto hamwambii mzee kitu, anaonyesha tu kwa kidole palipoandikwa, na mama aliyeketi nyuma na kuku wake anamalizia, “Ni kweli, dereva, polepole!” Wakishasema watatu, makanga hawezi kuwashusha wote, kwa maana atakosa nauli.

Kwa hiyo naomba chama chetu kisiishie kwenye mashairi na mijadala ya “mji ni bora kuliko shamba.” Karatasi za manila tunazo, kalamu za wino mzito tunazo, na matatu za hapa zinatujua kwa sura. Tuandike vibandiko kwa Kiswahili na kwa Kipsigis, tuwaombe wenye magari ruhusa, tuanze na magari mawili tu. Mwalimu mlezi akikubali, mimi changu nimekwisha kukiandika: DEREVA, SISI HATUNA HARAKA HIYO.