Tusiliogope neno "sana"



Wapendwa, wapo wasemao kwamba kujipiga kifua mwanzoni mwa Misa na kutamka "nimekosa sana" ni mambo ya kale, yenye kumvunja moyo mwamini. Hatukubaliani nao.

Kilatini husema "maxima", yaani kubwa kupita yote. Misale ya Kiingereza ya mwaka 1973 iliiondoa sifa hiyo. Ile ya mwaka 2011 ikairejesha kwa maneno "most grievous". Wengi wakalalamika: ni nani leo asemaye hivyo? Sisi hatukuwa na safari ya kurudi, maana "mno" na "sana" tunayo katika ungamo letu.

Lakini kuwa na neno si kulimaanisha. "Sana" tumelichakaza kwa asante na karibu. Apunjaye mizani ya dagaa mwaloni, au avuaye sangara wachanga kwa kokoro, kisha Jumapili akalitamka pasipo kutetemeka, amelifuta kuliko Misale yoyote.

Asiyekiri ukubwa wa deni hataujua ukubwa wa msamaha. Basi tuliseme polepole, na Jumatatu tuisawazishe mizani.