Mkuki Huchagua, Kamusi Hazichagui

Mwalimu wa Kiswahili katika shule yoyote ya Kibugu, huku Embu, hulazimika kila mwaka kuwafafanulia wanafunzi wake methali isemayo kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwalimu huyo aghalabu amezaliwa na kulelewa miongoni mwa mibuni na michai. Bahari iko umbali wa zaidi ya kilomita 600 kwa barabara, na maji makubwa ayajuayo ni ya mito ishukayo kutoka Mlima Kenya. Tezi, omo na ngama huwa kwake maneno matatu ya kukaririwa. Atafafanua maana ya ndani ya methali, mtihani utapita, na chombo chenyewe kitabaki hakijaonekana. Simlaumu. Lawama zangu zaelekea kwa sisi tujiitao wataalamu wa lugha, ambao tungeweza kumsaidia na hatukumsaidia.

Nililitafakari jambo hili kwa kina wakati wa kaskazi iliyopita, maji yakiwa matulivu na maangavu, nilipokaa siku nzima botini pamoja na kikundi cha wazamiaji nje ya mwamba wa Diani. Wao walishuka wakiwa na mitungi ya hewa mgongoni, chombo ambacho Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, walikibuni mwaka 1943. Mimi nilibaki juu na daftari langu. Hakuna aliyebeba silaha, kwani bunduki ya samaki, yaani ule mkuki urushwao kwa nguvu ya mpira, imepigwa marufuku nchini Kenya tangu mwaka 2001. Lakini kiongozi wa wazamiaji hao, mwenyeji wa pwani hiyo, alikuwa ameiwinda bahari kwa bunduki katika ujana wake, na mazungumzo yake baina ya mzamo na mzamo ndiyo yaliyonipa makala haya.

Bunduki hiyo, alinieleza, ilikuwa zana ya maskini: kipande cha mti, mipira iliyokatwa kutoka tyubu za magari, na ufito wa chuma ulionolewa. Mtungi wa hewa haukuwapo. Kijana alivuta pumzi moja, akazama, na katika pumzi hiyo hiyo alipaswa kuamua. Wavu hauulizi jina la kiumbe uingiapo. Mwenye mkuki hana budi kuuliza. Kivuli kile chini ya jiwe ni chewa au ni mkunga mwenye meno ya kurarua? Yule aliyelala mchangani ni taa, ambaye mwiba wa mkia wake waweza kumlaza mtu kitandani? Tafi ni mtamu, lakini miiba ya mapezi yake ina sumu, kwa hiyo hashikwi ovyo. Pono, changu na kolekole, kila mmoja ana makao yake na mwendo wake. Kwa mwindaji huyo, jina la samaki lilikuwa onyo, ramani na bei ya sokoni kwa wakati mmoja.

Sitaki nieleweke kwamba naililia bunduki irudi. Chewa wa aina nyingi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Mkuki, kwa kuwa hupenda mkubwa, huwaondoa wale wale wachache ambao kizazi chawategemea. Kikande naye hula wale viumbe wa miiba watafunao mwamba, na watafiti wa miamba ya Kenya wameonyesha kwamba alikopungua kikande, viumbe hao huongezeka na matumbawe huharibika. Ufaransa na Italia huruhusu kuwinda kwa pumzi ya mtu mwenyewe na kukataza kuwinda kwa mtungi, kwa sababu mtungi humwondolea mwindaji mpaka ambao mapafu yake yalimwekea. Naona hekima katika tofauti hiyo. Hata hivyo, marufuku yetu ilimgusa kwanza kijana asiyekuwa na fedha za kununua mashua wala wavu, na hilo lisisahauliwe na sisi tulao samaki wa kununua.

Sasa rudi kwenye kamusi, ndugu mwalimu. Katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, samaki wengi huelezwa kwa Kiingereza kuwa ni aina ya samaki, basi. Zile tulizozitunga wenyewe baadaye, kwa Kiswahili, mara nyingi zimerithi uvivu huo huo. Pengine huongezwa neno juu ya rangi au ukubwa. Padri Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka mwaka huo huo wa 1939, alikuwa pia mtafiti wa mimea, na kwa mimea alijitahidi kutaja hata majina ya kitaalamu. Basi kazi hiyo yawezekana. Yataka tu mtu atoke ofisini.

Hebu tuupime uvivu huu kwa mizani ya Kibugu. Mkulima wa huku hutambua kwa jicho Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, kwa ufupi wake, na humtofautisha na Batian, iliyotolewa mwaka 2010, ambayo hurefuka zaidi. Kamusi ikimwambia kwamba zote mbili ni aina ya mti, atacheka, kisha ataifunga.

Yamkini mtu atauliza mtoto wa Kibugu ana haja gani na chewa, hali wazee wetu hawakuwa hata na mazoea ya kula samaki. Jibu ni kwamba lugha anayotahiniwa ndani yake imejaa bahari, na tumempa maneno bila vitu. Huko pwani nako hali si salama. Wageni wale wa botini walikuwa na kadi ya plastiki yenye picha za samaki na majina ya Kiingereza, na kiongozi wetu aliniambia kwamba vijana anaowafundisha kazi hushika majina ya kadi kwanza, kwa kuwa ndiyo yanayoleta mshahara. Wawindaji wa pumzi moja wanazeeka. Kila mmoja wao ni kamusi ambayo hakuna aliyeinakili.

Idara zetu za Kiswahili zingeweza kuwatuma wanafunzi wa shahada kwenye maeneo ya wavuvi kuanzia Vanga hadi Kiunga, wakae na wazee hao na kuandika kila samaki anaishi wapi, anakula nini, anaumiza vipi na anauzwaje. Walimu wasingoje hayo yatimie. Tangu mwaka 2009, serikali ilipoanza kugharamia mabwawa ya samaki hata bara, ngege na kambare si wageni tena huku kwetu. Wanafunzi wa Kibugu waweza kuanza kwa kuwaeleza hao wawili bila kutumia neno aina, kisha wawaandikie wenzao wa Msambweni wakiwaomba wawaeleze chewa na kikande. Wa Msambweni nao waulize Batian ni nini. Gharama ni bahasha na stempu, na muhula ujao si mbali.