Kabla ya Kumzomea Mshambuliaji

Ndugu msomaji, ukibahatika kuketi jukwaani katika uwanja wa Tanzanite Kwaraa mjini Babati, siku ambayo timu ya nyumbani imekosa bao, sikiliza ni nani anayetajwa kwa hasira. Hatakuwa beki wa kulia, wala kiungo. Atakuwa yule kijana aliyesimama mbele peke yake. Ataitwa gogo, itapigwa kelele atolewe, na watoto walioletwa na baba zao watarudi nyumbani na maneno ambayo mama zao hawakuwafundisha.

Fountain Gate ilihamia Babati mwaka 2024. Katika msimu huo mshambuliaji wake, Selemani Mwalimu, alicheza vizuri hata Wydad Casablanca ya Morocco ikamchukua Januari 2025. Msimu ulipokwisha, timu ilikuwa ikihangaika katika mechi za mchujo ili ibaki Ligi Kuu. Mwepesi wa kukata shauri husema kwamba mfungaji aliondoka na mabao yake. Upo ukweli hapo, lakini ni nusu tu. Mfungaji hajipelekei mpira.

Itazame timu inayosumbuka. Mlinda mlango anapiga mpira mrefu juu. Mshambuliaji anaupokea akiwa ameligeuzia lango mgongo, mabeki wawili wamembana, na mwenzake wa karibu yuko hatua 30 nyuma. Hata akiutuliza, ampe nani? Winga amebaki nyuma kumsaidia beki wake aliyezidiwa. Kiungo naye anaogopa kusogea, kwa kuwa akipokonywa mpira hakuna wa kuziba pengo. Basi kosa lililoanzia miguuni mwa walinzi huonekana mbele, naye aliye mbele ndiye hulipia. Jikoni kwetu tunalijua jambo hili: anayepakua ndiye husikia kwamba chakula hakikuiva, ingawa kuni mbichi hakuzileta yeye.

Taifa Stars wametupa ushahidi. Katika fainali za Mataifa ya Afrika zilizofanyika Ivory Coast, tarehe 21 Januari 2024, walikutana na Zambia mjini San-Pédro. Dakika ya 11 Simon Msuva alifunga, kwa pasi ya Mbwana Samatta. Zingatieni hilo, enyi mliozoea kumpima Samatta kwa mabao tu! Kabla ya mapumziko Zambia wakabaki 10 uwanjani. Kipindi kizima cha pili Stars walikuwa na mtu mmoja zaidi, wasiongeze bao. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha. Katika mechi zote tatu za kundi lao Stars walifunga bao hilo moja tu. Je, tumlaumu mtu mmoja kwa dakika 270?

Nawaomba akina baba jambo moja. Mara nyingine mkienda Kwaraa na watoto, wapeni kazi. Mmoja ahesabu mipira safi inayomfikia mshambuliaji ndani ya eneo la hatari. Mwingine aangalie ni wenzake wangapi wanaomkaribia kila anapoupata. Mtashangaa jinsi mtoto wa miaka 10 anavyoona haraka lile ambalo jukwaa zima limelikosa. Na wakikuta kwamba alipelekewa mipira kumi mizuri naye akaipaisha yote juu ya lango, hapo nami nitakubali apumzishwe.