BARAZA LA MJOMBA: Penseli ya Kubonyeza kwa Mwanafunzi

Mwaka jana barazani tulizungumza juu ya mbuzi za kukunia nazi, na barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko nafasi niliyopewa na wahariri. Safari hii nimechagua barua moja tu, kwani naona ndani yake mna jambo linalogusa nyumba zetu nyingi.

Imeandikwa na mama mmoja wa Scarborough, aliyefika hapa kutoka Mombasa miaka mitatu iliyopita. Ananiamkia shikamoo, kisha anaingia moja kwa moja. Mwanawe wa kwanza yuko darasa la kumi na hesabu anaziweza. Lakini tangu Septemba amemnunulia penseli nne za kubonyeza, na zote zimekufa. Risasi zinakatika, kijana anakasirika, kazi anaiacha nusu. Mwalimu ameandika kwamba mtoto hana bidii. Baba naye amekata shauri kuwa mvulana wa miaka 15 kuandika kwa penseli ni utoto, apewe kalamu ya wino kama alivyozoea kwao. Na mwezi wa Februari kijana ameandikishwa katika mashindano ya hesabu ya Chuo Kikuu cha Waterloo. Mama anauliza: anunue penseli ya ghali, ambayo fedha zake atazitoa kwenye nauli, au amsikilize mumewe?

Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo baba, maana hoja yake si ya kudharauliwa. Kwetu mtoto akifika kama darasa la nne huhamia kalamu ya wino, na siku hiyo hujiona amekua. Penseli hubaki ndani ya mkebe pamoja na bikari na rula, kwa ajili ya jiometri na ramani, na hutolewa tena siku ya mtihani wa kutia weusi kwenye vijisanduku, kama ulivyokuwa ule wa KCPE tangu 1985 mpaka ulipofanywa mara ya mwisho 2023. Kwa hiyo mzee akimwona mwanawe mwenye sharubu zinazoanza ameshika penseli, moyo unamshtuka. Lakini desturi ya hapa ni nyingine. Hesabu huandikwa kwa penseli mpaka sekondari ya juu, na wengi huendelea nayo chuoni, kwa sababu mwalimu anataka kosa lifutwe na hatua iandikwe upya mahali pake, si ukurasa uliojaa mikato. Mimi mwenyewe nilifika Toronto 1975, mnara wa CN ukiwa bado unapandishwa, nikaajiriwa kuchora ramani za majengo. Wanangu wote wamekula na kuvaa kwa penseli. Sijaona utoto ndani yake.

Sasa tuje kwenye kukatika. Watu wengi hukimbilia kulaumu penseli, hali mkono nao una sehemu yake. Aliyejifunza kuandika kwa kalamu ya wino ya bei rahisi huzoea kukandamiza, maana bila kukandamiza wino hautoki. Mkono huo ukishika risasi ya milimita 0.5, ambayo ndiyo inayouzwa kila duka, lazima ikatike. Dawa ya kwanza basi ni unene. Kuna 0.3, 0.5, 0.7 na 0.9, na nguvu ya kijiti hukua haraka kuliko unene wake: ukiongeza unene kidogo tu, kwa risasi ya namna ileile, ya 0.7 hustahimili kama mara mbili au zaidi ya ile ya 0.5. Ile ya 0.3 ni ya sisi wachoraji, na wengine wasiiguse. Ya 0.9 ni ngumu kuikata, inamfaa mtoto wa shule ya msingi, lakini kwa alama ndogondogo za aljebra mstari wake ni mnene mno. Kwa kijana huyu nasema 0.7.

Dawa ya pili haina gharama. Bonyeza mara moja au mbili, basi. Vijana wetu hubonyeza mara tano wakiwa wanawaza, kijiti kinachomoza kama mchokoo wa meno, halafu wanashangaa kimevunjika.

Na hiyo tunayoiita risasi si risasi hata kidogo. Ni grafaiti, namna ya makaa; jina tulilirithi kutoka zamani, watu walipodhani ni madini ya risasi. Mama asiogope mtoto akiitia mdomoni, ingawa ni tabia mbaya. Katika penseli ya mti grafaiti huchanganywa na udongo wa mfinyanzi. Katika vijiti hivi vyembamba huchanganywa na utomvu wa viwandani kisha huchomwa, na ndiyo maana kijiti chembamba hivyo kinaweza kusimama. Kanunueni risasi ya kampuni inayojulikana, hata kama penseli yenyewe ni ya rahisi. Risasi mbovu huiua penseli nzuri, kwa sababu vipande vyake husagikia ndani. Alama ya HB yatosha kwa darasani. Wenye kupeleka watoto chuoni Jumamosi kuandika Kiarabu wanunue HB pia, wala si 2B: mwenye kuandika kwa mkono wa kulia kutoka kulia kwenda kushoto, kiganja chake hupita juu ya alichokwisha andika, na 2B humpaka masizi mpaka kwenye kifundo. Mwenye mashoto ana shida hiyohiyo akiandika Kiingereza.

Penseli yenyewe sasa. Ndani ya kila moja mna taya ndogo, kwa kawaida tatu, zilizobanwa na pete. Ukibonyeza, taya husonga mbele na risasi. Pete inazuiwa, taya zinafunguka. Ukiachia, springi inazirudisha nyuma na risasi inabaki mahali pake, imeshikwa na kipete kidogo cha mpira karibu na ncha. Basi penseli idumuyo ni ile yenye taya za madini, si za plastiki, na yenye ncha inayofunguka kwa kuzungusha ili isafishwe. Mengine ni mapambo. Kifutio cha kichwani kisikudanganyeni, huisha kwa wiki moja. Nunueni kifutio cha mkononi.

Adui mkubwa wa penseli hizi ni kuanguka kichwa chini. Zile za wachoraji zina kijibomba chembamba cha chuma cha kama milimita 4 mbele, ili jicho lione ukingo wa rula. Kijibomba hicho kikigonga sakafu kikapinda, penseli imekwisha, iwe ya dola tano au hamsini. Hapa ndipo ninapotofautiana na rafiki zangu wapenda vitu vizito. Rotring 600, ya Wajerumani, yenye mwili wa shaba ya manjano wa pembe sita, ni kitu cha kupendeza, na mkononi mwa mhandisi mezani pake itaishi kuliko yeye. Lakini uzito wake huivuta ianguke kwa ncha, na ncha yake haifichiki. Kumpa kijana anayeitupa ndani ya mkoba pamoja na viatu vya mpira ni kutupa fedha. Kwa mkoba wa namna hiyo, Pentel GraphGear 1000 ina akili zaidi: ukibana kibanio chake, ncha yote inarudi ndani.

Kuna na Kuru Toga, iliyotolewa Japani 2008 na kampuni ya Mitsubishi Pencil. Kila unapoigusisha karatasi, magurudumu ya meno ndani yake huizungusha risasi kidogo, hata ncha isichakae upande mmoja. Ni ufundi wa kweli. Faida yake huonekana kwa anayenyanyua mkono mara kwa mara, kama katika tarakimu. Kwa mwenye kuunganisha herufi mstari mzima hupungua.

Lakini nikiulizwa na mama anayehesabu nauli, jibu langu ni Pentel P200, ambayo imekuwa sokoni tangu miaka ya 1970 karibu bila kubadilika. Rangi hukuonyesha unene: nyeusi ni P205, ya buluu ni P207, ya manjano ni P209. Mwili ni wa plastiki, mwepesi. Ncha yake nayo haijifichi, kwa hiyo itiwe ndani ya mkebe uleule uliotoka Mombasa. Niliyoiona mwaka huu haikufika dola 15, kodi ya asilimia 13 ikiwamo. Nunueni ya buluu.

Niongeze kidogo, kwa wazee. Mnaikumbuka redio ya Sharp iliyokuwa ikisimama kabatini imefunikwa kitambaa cha kufuma? Jina lile lilitokana na penseli. Mwaka 1915 fundi Hayakawa Tokuji wa Tokyo alitengeneza penseli ya madini ambayo baadaye ikaitwa Ever-Ready Sharp. Tetemeko kubwa la ardhi la 1923 likamwangamizia kiwanda na kumwulia mkewe na watoto. Akahamia Osaka, akaanza upya na redio, na kampuni ikabaki na jina la penseli. Mpaka leo Wajapani penseli ya kubonyeza huiita "sharp".

Turudi kwa mama yetu. Kabla ya kujibu nilimwomba anipelekee kijana pamoja na hao marehemu wanne. Alikuja Jumapili na baba yake. Nikazifungua juu ya karatasi nyeupe. Moja ncha imepinda. Moja taya za plastiki zimepasuka. Mbili zilikuwa zimeziba tu kwa vipande vya risasi. Nikachukua kipande cha uzi mwembamba wa gitaa, nikasukuma kutoka mbele kurudi nyuma, vikatoka, zikaandika palepale. Kijana alikuwa amejaza vijiti vingi kiasi cha kukwamana. Viwili vyatosha, hasa mkijua kwamba sentimita moja hivi ya mwisho haishikwi tena na taya, ila husukumwa na kijiti kinachofuata.

Kisha nikampa P207 yangu na swali la pembetatu. Mashindano yale ya darasa la kumi yanaitwa Cayley: maswali 25 kwa dakika 60, yaani dakika mbili na sekunde 24 kwa swali. Aliandika ukurasa mzima bila risasi kukatika hata mara moja, na hatua zote zikasomeka. Baba alisimama nyuma ya kiti, kimya. Alipomaliza, mzee akaichukua ile penseli, akaandika jina lake ukingoni mwa gazeti, kwa mwandiko mzuri sana ambao mwanawe akasema hajapata kuuona. Akaniuliza kama nyeusi ni bei ileile.

Kuhusu mwalimu, nimemshauri mama aende naye azungumze, achukue karatasi ile mkononi.

Wenye penseli zilizoziba wazilete kwenye pikiniki ya Julai. Nitakaa karibu na meza ya chai, na uzi wangu wa gitaa.