Tana Inamfanyia Nani Kazi?

Toleo hili linahusu miji ya mito, na huenda ukashangaa kwamba tunalifungua kwa sukari ya Somalia. Kaskazini ya Mogadishu, kando ya mto Shabelle, uko mji wa Jowhar. Mwaka 1920 mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, alianzisha hapo kampuni ya kilimo. Mifereji ikachimbwa, miwa ikapandwa, kiwanda kikajengwa, na reli ikaletwa kutoka Mogadishu. Mji ukapewa jina la cheo chake, naye akafia hukohuko mwaka 1933. Hatumwimbii sifa: mashamba ya Waitalia ya Shabelle yalilimwa kwa jasho la wakulima wa mtoni, wengi wao wakilazimishwa. Lakini wakoloni walipoondoka kiwanda kilibaki, kikaendelea kutoa sukari hadi vita vilivyofuata kuanguka kwa serikali mwaka 1991 vilipokimaliza.

Mto ule, hata chini ya wakoloni, uliuachia mji wake kiwanda. Sasa tuutazame mto wetu. Hakuna mto mrefu kuliko Tana nchini Kenya, wala uliofanyishwa kazi kama huo. Kindaruma ilianza 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Umeme wa mabwawa hayo umeendesha viwanda vya Nairobi na Thika miaka yote hiyo, ilhali Garissa, mji wa mto huohuo, uliwasha taa zake kwa jenereta za dizeli hadi muongo wa 2010.

Mafuriko, hayo hutufikia bila kuombwa. Novemba 2023, na tena Aprili 2024, barabara ya kutoka Garissa kwenda Madogo, ng'ambo ya mto, ilimezwa na maji, watu wakavushwa kwa boti, na mojawapo ikapinduka. Wahandisi hutukumbusha kwamba mvua ilikuwa nyingi kupita kiasi, na kwamba bila mabwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Sawa. Sisi tunauliza habari ya miaka ambayo hakuna mafuriko.

Nenda soko la mifugo la Garissa asubuhi. Dalali na mnunuzi wameshikana mikono chini ya kitambaa, bei inasemwa kwa vidole ili aliye kando asiijue. Wakikubaliana, fahali anasukumwa juu ya lori, safari ya Nairobi au Mombasa. Anaondoka mzima, na ngozi yake, mifupa yake, na mishahara ya wale ambao wangemchinja, wangemkata na kumfunga kwenye pakiti. Garissa inabakiwa na ushuru wa soko na samadi.

Zamani kukosa viwanda hapa kulikuwa na sababu ya kueleweka. Eneo hili liliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu Desemba 1963, muda mfupi baada ya uhuru, hadi 1991, na mwenye mtaji haleti mashine mahali ambapo raia anaulizwa kipande kila kona. Leo sababu ya umeme haisimami tena: nje kidogo ya mji kuna kituo cha umeme wa jua cha megawati 54.6, kilichozinduliwa Desemba 2019. Maji yapo, ng'ombe wapo, vijana wamekaa vibarazani.

Serikali inapanga bwawa jingine kubwa juu ya mto, High Grand Falls. Tunaiomba, pamoja na kaunti yetu, itimize hili kwanza: ng'ombe wanaouzwa Garissa wachinjwe Garissa, na ngozi zao zitengenezwe hapahapa.