Kodi ya kununua kiwanja Kisangani: aliyekimbia vita asilipe mara mbili

Pembeni ya barabara ya Bangboka, na kwenye ile barabara ya zamani ya kuelekea Buta, matofali yanachomwa kila wiki. Wanaojenga huko ni watu wa kila aina: walimu, wachuuzi wa soko kuu, vijana wa toleka waliochanga makuta yao kidogo kidogo. Kati yao wamo pia waliovuka mto kutoka Lubunga tangu Februari 2023, wakati mapigano kati ya Wambole na Walengola yalipoanza kwa sababu ya ardhi. Wengine walipitia kambi, wengine kwa shangazi au kwa rafiki wa kanisani. Leo wamechoka kulala kwa watu. Wanataka kiwanja chao.

Mama wa namna hiyo akipata kiwanja, mambo yanaenda hivi. Muuzaji anaandika karatasi ya mauzo, mashahidi wawili wanatia sahihi, mkuu wa kata anapiga muhuri, makuta yanahesabiwa juu ya meza. Kisha mtu mmoja anamwambia kwamba bado hajamaliza: inabidi kwenda kwa konsevateri wa hati za ardhi kubadilisha jina, na kuna kodi ya kulipa. Anauliza ni ngapi. Mmoja anamtajia bei hii, mwingine anamtajia nyingine, wa tatu anamwambia alete kwanza za usafiri wa kwenda kupima. Mama anarudi nyumbani, ananunua mabati kwa ile feza, na kusema atakwenda kesho. Hiyo kesho inaweza kuchukua miaka kumi.

Hapo ndipo kosa lilipo, na si kosa la mama peke yake.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyobadilishwa mwaka 1980, inasema udongo ni mali ya Serikali. Raia hanunui udongo wenyewe. Anapata haki ya kuutumia. Na kifungu cha 219 kinasema wazi kwamba haki hiyo inathibitishwa na hati ya usajili tu, ile watu wanaita setifika, inayotolewa na konsevateri. Karatasi ya mkuu wa kata haimo. Fishi ya kiwanja haimo. Mkataba wa kupanga na Serikali nao ni hatua ya mwanzo: mtu anapewa muda, usiopita miaka 3, aendeleze kiwanja, ajenge, kisha maofisa waje kuona na kuandika, ndipo aombe haki ya kudumu. Wengi mjini wanajenga, lakini hawaiti mtu aje kuona. Wanaogopa gharama ya huyo mtu.

Malipo yenyewe hayatoki mfuko mmoja wala hayaendi mfuko mmoja. Kubadilisha jina kwenye hati kunalipiwa sehemu fulani ya bei ya kiwanja, na hiyo inaingia Serikali ya Kinshasa kupitia DGRAD. Kuna kupima na kuweka mipaka. Kuna kibali cha kujenga, kinachotoka kwa watu wa mipango ya mji na makazi. Na ukisha kuwa mwenye kiwanja, kila mwaka kuna kodi ya ardhi, ambayo Katiba ya 2006, kifungu cha 204, inaipa jimbo. Kwa mtu aliyesoma hadi chuo kikuu hii ni njia ndefu. Kwa aliyekimbia usiku na watoto mgongoni, ni msitu.

Kwa hiyo anakuja msaidizi. Kila mtu Kisangani anamjua: anazunguka mbele ya ofisi na faili chini ya kwapa, anajua mlango gani wa kugonga, anasema kila karani ni ndugu yake. Anachukua feza mkononi. Mara nyingine karatasi inatoka kweli, mara nyingine haitoki, na mara nyingine inatoka yenye jina la mtu mwingine. Kodi ambayo iko kwenye sheria siyo inayomvunja maskini. Inayomvunja ni ile isiyoandikwa popote.

Kuna wanaosema hati ni mambo ya matajiri, na kwamba babu zao waliishi bila setifika. Wakumbuke Juni 2000. Kwa siku 6 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana ndani ya mji huu na nyumba zikaanguka, Makiso, Tshopo na kwingineko. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325. Katika hizo, milioni 225 ni kwa ajili ya watu waliouawa na walioumizwa, milioni 60 kwa mali ya asili, na milioni 40 tu kwa mali za watu, nyumba zikiwemo. Kwa nini tu? Mahakama iliona ushahidi wa mali moja moja hautoshi, ikatoa hesabu ya jumla. Mji mzima ulijua nani alikuwa na nyumba wapi, lakini majaji hawakukaa Kisangani. Na leo wanaokwenda FRIVAO kudai haki yao wanaulizwa swali lile lile: karatasi iko wapi?

Lubunga nayo inafundisha jambo hilo kwa uchungu zaidi. Sheria ya 1973 iliahidi kwamba ardhi zinazokaliwa na wenyeji kwa desturi zitapangwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri. Kwa miaka mingi amri hiyo ilingojewa bure. Katika pengo hilo shefu mmoja anaweza kusema ardhi ni yake, jirani yake akasema hapana, na mwenye kampuni akaja na mkataba wake. Watu waliokufa kwenye ukingo wa kushoto walikufa ndani ya pengo hilo.

Wakubwa wa jimbo watajibu kwamba bila kodi hakuna barabara wala mshahara. Ni kweli, na hakuna anayeomba ardhi ya bure kwa kila mtu. Lakini kodi ambayo watu wanaikimbia haijengi barabara. Kule Kenya mnunuzi anajua kabla ya kutoka nyumbani: asilimia 4 ya thamani mjini, asilimia 2 kijijini. Tangu 2018 anayenunua nyumba yake ya kwanza katika mpango wa nyumba za bei nafuu amesamehewa hiyo kodi. Kenya ina wezi wake wa ardhi, tena wengi. Hata hivyo hesabu inajulikana, na mwenye kujua hesabu hadanganywi kirahisi.

Kisangani inaweza kuanza na kidogo. Bei zote zibandikwe mlangoni, kwa Kiswahili na Lingala, kwa faranga, zisomwe na redioni. Familia zilizokimbia Lubunga zipewe muda wa kusajili viwanja vyao vya kwanza bila faini ya kuchelewa na kwa kodi iliyopunguzwa. Ya jimbo ipunguzwe na bunge la jimbo, ya Kinshasa iombwe Kinshasa, wabunge wapo. Na waliovuka mto wasipoteze haki yao ya upande ule kwa sababu wamenunua upande huu. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 kuhusu wakimbizi wa ndani zinazitaka serikali ziwasaidie kurudishiwa mali walizoziacha.

Wakati hayo yanangojewa, anayenunua kesho asubuhi aende kwanza kwa konsevateri kuuliza kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani, kabla ya kuhesabu feza. Aulize majirani wa pande zote nne. Asimpe msaidizi kodi mkononi: adai noti ya malipo, alipe benki, atunze risiti. Na nakala moja ya kila karatasi ikae kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine, kwa maana walioondoka Lubunga usiku ule wengi hawakupata nafasi ya kufungua sanduku.